Ortrun Weigel na Kiti Kitupu Nyuma Yake

Sehemu ya Kumi na Moja

Kona ya tisa. Kasi, kilomita mia moja na kumi na nane kwa saa. Na nyuma ya mgongo wa Ortrun Weigel, pale alipotakiwa kukaa binti wa kilo themanini, palikuwa na upepo mtupu.

Ndipo tulipomwacha, na wiki nzima mmeniandikia barua za kunilaumu. Haya, nimerudi.

Alikuwa amesukuma bobu, kile kigari cha kuteleza kwenye njia ya barafu, akaruka ndani, akakaa, akashika kamba zake mbili za kuongozea. Kisha akasubiri kile kishindo cha mwenzake kutua nyuma yake. Kishindo hakikuja. Sasa anashuka mlima wa barafu peke yake, na breki ya bobu iko nyuma, kwenye mikono ya mshika breki. Mshika breki mwenyewe, Jördis, amebaki juu kileleni.

"Jördis!" alipiga kelele. "Inamisha kichwa!"

Alijua hakuna mtu. Lakini mazoea yana taabu.

Kona ya kumi ikampandisha ukutani. Ya kumi na moja ikamtupa upande wa pili. Bobu likiwa jepesi hucheza kama ndoo tupu kisimani, na Ortrun alilibembeleza kwa vidole tu, huku akilitukana kwa sauti ya chini.

Kipaza sauti cha uwanjani kikaanza. "Bobu namba tatu linaingia kona ya mwisho. Bobu namba tatu lina... samahani. Bobu namba tatu lina mtu mmoja."

Wastaafu wa kijiji chetu cha Hirschgrund, ambao hawakosi siku ya mazoezi, wakasahau soseji zao mikononi.

Akapita mstari wa mwisho. Mbele yake njia ikaanza kupanda, ndiyo njia ya kupunguza kasi. Nanyi mnajua kinachopanda bila breki hurudi chini kinyumenyume. Ortrun akaziachia kamba, akageuka, akatambaa kwenda nyuma, kichwa kikiwa chini, makalio juu. Akaishika breki kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zake zote.

Meno ya chuma yakauma barafu. Theluji ikaruka. Bobu likasimama hatua tatu kutoka kwenye magodoro ya ukutani.

Mzee Lötzsch, fundi wa barafu, akasogea na ufagio wake, akachungulia ndani.

"Ortrun, binti yangu," alisema. "Mwenzio umemshusha kituo gani?"

* * *

Wale mlioanza kusoma leo, sikilizeni, maana sitarudia. Kesho asubuhi ni mbio za mchujo. Nafasi ya Olimpiki iliyobaki kwa wanawake wetu ni moja. Ortrun ana miaka thelathini na sita, na magoti yake yana miaka sitini. Miaka minane iliyopita aliileta kijijini medali ya shaba ya Olimpiki. Michezo iliyofuata aliitazama kitandani, mgongo ukiwa umefungwa plasta. Akiikosa ya safari hii, hakuna nyingine.

Na bila mshika breki, ameshaikosa.

Lori lilimpandisha juu yeye na bobu lake. Pale mwanzo wa njia walikuwa wote wamemngoja. Saskia Brandner ndiye aliyekuwa mbele kabisa. Ana miaka ishirini na sita, ndiye mpinzani wake, na ana meno mazuri ambayo huyaonyesha watu wakipata ajali.

"Pole, shangazi," alisema Saskia. "Wengine tunapoteza glavu tu."

"Ahsante, mwanangu. Na wewe funga koti, utapata mafua ya mdomo."

Kocha Falko Nestler akamvuta pembeni. Falko ni mtu mkubwa, na akiwa na wasiwasi hunong'ona kwa sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya mpaka wa Ucheki.

"Amejifungia kwenye kibanda cha kubadilishia nguo. Hataki kusema. Nimembembeleza, nimemfokea, nimempitishia chokoleti chini ya mlango."

"Akaila?"

"Ameirudisha."

"Ameirudisha nusu?"

"Nzima, Ortrun, kwa ncha ya kiatu. Na karatasi yake."

Hapo ndipo Ortrun alipoingiwa na hofu ambayo hakuipata hata kule kona ya tisa. Kwa wiki saba Jördis Uhlig amekula kwenye nyumba ya wageni ya mama yake Ortrun, na hajawahi kurudisha kitu isipokuwa sahani.

"Watu wanasemaje?" aliuliza.

Falko akatazama viatu vyake. "Wanasema Saskia amemnunua."

* * *

Ortrun aligonga mlango wa kibanda.

"Mdogo wangu, ni mimi. Umeumia?"

"Hapana, dada." Sauti ilikuwa nyembamba kama ya paka aliyekanyagwa.

"Umeniogopa mimi?"

"Hapana."

"Basi niambie ukweli. Saskia amekupa nini?"

"Saskia?" Sauti ikapata nguvu kidogo. "Saskia hata jina langu halijui. Ananiita Judith."

"Haya, fungua."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Jibu likaja kwa aibu ambayo hata mlango uliisikia: "Ufunguo umeanguka chini. Siwezi kuinama."

Ortrun alitafuta kitundiko cha nguo, akakinyoosha, akalala kifudifudi kwenye theluji na kuuvuta ufunguo kupitia chini ya mlango. Waandishi wawili wa michezo walimpiga picha katika hali hiyo. Moja ilitoka gazetini, mliiona.

Mlango ulipofunguka, Jördis alikuwa amesimama katikati ya kibanda, wima kama mlingoti, mikono imetanda kando. Alikuwa ndani ya suti yake mpya ya mashindano, ile nyeusi inayobana mwili wote kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo. Ilimbana kweli. Ilimbana mpaka midomo ilikuwa ya buluu.

"Jördis," alisema Ortrun polepole. "Hii suti ni ya nani?"

"Yangu."

"Ilishonwa kwa vipimo vya nani?"

Machozi yakaanza. "Vyangu. Vya zamani."

Ikatoka yote. Kabla ya kuja kwenye barafu, Jördis alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi. Kule kocha wake alimpima kila Jumatatu, na kila kilo iliyoongezeka alitangaziwa mbele ya wenzake. Huku kwetu mambo ni kinyume. Kwenye bobu uzito wa mtu ni mali. Binti mzito akisukuma kisha akaruka ndani, hakuna haja ya kufunga vyuma vya kuongeza uzito, na bobu la kusukuma linakuwa jepesi. Falko alimwambia ale, na Mama Weigel akamlisha: madonge ya viazi, bata bukini, kabichi nyekundu, mkate wa Krismasi wenye sukari juu kama theluji ya paa. Akatoka kilo sabini na mbili akafika themanini na moja. Kila mtu alimpigia makofi.

Lakini fomu ya vipimo vya suti ilipokuja, mkono wake ulikataa. Aliandika vile vya Novemba.

"Nilidhani itavutika," alisema akilia. "Nikajipaka poda ya mtoto, nikaingia. Kukimbia naweza, dada. Hatua fupi fupi. Ila nilipotaka kuinua mguu niruke ndani..."

"Mguu ulikataa."

"Nimeruka viunzi miaka tisa! Nimeshindwa na suti!"

Ortrun alijaribu kuwa na hasira. Alijaribu kweli. Alikumbuka kona ya tisa, akakumbuka magodoro ya ukutani. Halafu akamwona Jördis akijaribu kufuta machozi, na kiwiko hakikunjiki, na mkono unafika kidevuni tu.

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Usicheke, dada!"

"Sicheki."

"Unacheka!"

"Nacheka, mdogo wangu. Nilidhani umeuzwa, kumbe umeshonewa vibaya. Mshipa wangu mmoja wa moyo umerudi mahali pake."

Kisha kicheko kikakatika, maana alikumbuka saa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Fundi wa suti yuko mji mwingine, na suti moja humchukua wiki mbili. Mbio ni kesho saa nne.

* * *

Kabla ya kufungua nyumba yake ya wageni, Mama Weigel alishona sidiria kiwandani kwa miaka ishirini. Alimzunguka Jördis mara mbili, mdomo umejaa pini.

"Mwanangu, nimewahi kuzuia mizigo mikubwa kuliko hii," alisema. "Nitapasua hapa pajani na hapa, na kiunoni. Ila nahitaji kitambaa cha kuongezea. Hiki si cha dukani."

Ndivyo ilivyo. Kitambaa cha suti za mashindano hufumwa na kiwanda kimoja, na mwamuzi hukigusa kwa kidole na kukivuta. Ukiweka kingine, unaondolewa.

Katika kijiji chote cha Hirschgrund kilikuwepo kitambaa hicho mahali pamoja tu. Mama Weigel alipajua, Ortrun alipajua. Wote wawili wakawa hawatazami ukuta.

Ukutani, juu ya televisheni ya chumba cha kulia, ndani ya fremu ya kioo, ilining'inia suti nyeupe. Ni ile ya medali ya shaba. Wageni hupiga nayo picha kabla ya kunywa supu.

"Hapana," alisema Mama Weigel, ingawa hakuna aliyesema neno.

"Mama."

"Nimesema hapana. Marehemu baba yako aliitazama kila jioni mpaka siku ya mwisho."

"Baba alikuwa anatazama televisheni, mama. Mpira."

"Macho yalikuwa yanapanda!"

"Lini?"

"Wakati wa matangazo!"

Jördis akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kwa hatua zake fupi fupi. "Mimi naweza kujinyima. Nisipokula mpaka kesho..."

"Wewe kaa!" walimfokea wote wawili.

Ortrun alipanda kwenye kiti, akakishusha kile kioo, akakifungua. Suti ilikuwa na harufu ya vumbi na ya supu ya miaka minane. Kwenye goti la kushoto palikuwa na alama ya kona ya pili ya mwaka ule. Aliishika kidogo, si kwa muda mrefu. Halafu akachukua mkasi wa mama yake.

"Ukikata," alisema Mama Weigel kwa sauti ya chini, "na kesho ukashindwa, hutakuwa na hii wala ile."

"Najua."

Akakata.

Mama Weigel alifumba macho. Sauti ile ya mkasi iliposimama, aliyafumbua, akatema pini mkononi.

"Hujui hata kukata. Lete hapa. Unaharibu."

* * *

Asubuhi ya mbio, jua lilitoka na upepo wa joto ukaanza kushuka mlimani, upepo ambao Mzee Lötzsch huuita jina ambalo mhariri wangu haniruhusu kuliandika.

Jördis alitoka kibandani. Suti nyeusi, na kila paja lina kipande cheupe, na kiuno kina mkanda mweupe.

"Loo," alisema Saskia. "Judith amekuja kama pundamilia."

"Jördis," alisema Jördis. Lakini alisema kwa sauti ndogo sana, aliyesikia ni kofia yake tu.

Mwamuzi akagusa kitambaa, akavuta, akatazama kwa miwani, akagusa tena. Ortrun alihesabu pumzi zake.

"Mshono mzuri," alisema mwamuzi. "Nani kashona?"

Wakapita.

Mzunguko wa kwanza, Ortrun alikimbia, akaruka ndani, akasubiri. Kishindo! Kilo themanini na moja zikatua nyuma ya mgongo wake, na hakuna muziki uliowahi kumfurahisha hivyo. Lakini kwenye kona ya nne alifurahi kupita kiasi, akachelewa kuvuta kamba, bobu likagusa ukuta. Saskia akawa mbele yao kwa nukta sita, yaani sehemu sita za mia za sekunde. Nukta sita ni muda wa kupepesa jicho kabla hujamaliza kulipepesa.

Niwaambie jambo ambalo wakubwa hawapendi liandikwe. Bobu la Saskia ni jipya, lina mwaka mmoja, chama kilimpa yeye kwa kuwa ni kijana. La Ortrun lina miaka kumi na moja. Amelichomelea mwenyewe mara nne.

Mzunguko wa pili, na muda wa yote miwili hujumlishwa.

"Dada," alisema Jördis wakiwa wameshika vishikio.

"Sema."

"Sukuma."

"Ndiyo ushauri wako?"

"Ndiyo."

Wakasukuma. Wazee wa Hirschgrund wanasema hawajaona mwanzo kama ule tangu ukuta wa Berlin uanguke. Jördis alikimbia kama mtu anayekimbiza deni la miaka tisa, akaruka, mapaja meupe yakapita hewani, kishindo! Kona ya nne, safi. Ya tisa, safi. Ya mwisho Ortrun aliliachia bobu lipite lenyewe, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Wakaongoza.

Alibaki Saskia peke yake juu. Akashuka. Alishuka vizuri, lazima niseme, maana mimi si mwongo. Alipovuka mstari, watu wote wakatazama ubao wa saa.

Ubao ukafikiri.

Kisha ukaandika majina mawili mstari mmoja. Dakika moja, sekunde hamsini na nne, nukta ishirini na tatu. Na wengine: dakika moja, sekunde hamsini na nne, nukta ishirini na tatu.

"Saa imekufa?" aliuliza Falko.

"Saa ni nzima," alisema Mzee Lötzsch. "Barafu ndiyo inakufa. Hakuna atakayeshuka tena leo."

* * *

Waliitwa ndani ya chumba cha waamuzi: madereva wawili, washika breki wawili, na Falko aliyejaza nusu ya chumba. Nyuma ya meza alikaa Bi Ehrentraut, mkuu wa mchujo, mwanamke ambaye hunywa chai bila sukari na husema vivyo hivyo.

"Mbio za kurudia haziwezekani, njia inayeyuka," alisema. "Orodha ya majina lazima nipeleke leo saa nane. Kamati imekubaliana jambo moja tu. Aliyesukuma kwa kasi kuliko wote leo ni Jördis Uhlig. Huyo anakwenda Olimpiki, haijalishi nani anaendesha."

Jördis akageuka kuona kama kuna Jördis mwingine.

"Kuhusu dereva tumegawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo tumeamua atakayekaa nyuma aseme. Binti, unataka kusukuma bobu la nani?"

Hewa ikaisha chumbani.

Saskia alikuwa wa kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa asali. "Jördis mpenzi, mimi nina miaka mingine kumi mbele yangu. Fikiria Michezo mitatu. Shangazi hapa, tunampenda sote, lakini..."

"Mwache afikiri," alisema Ortrun.

Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema habari za magoti, na mgongo uliofungwa plasta, na kioo kilichobaki kitupu juu ya televisheni. Badala yake akatazama dirishani ili binti asimwone macho.

"Usinitazame mimi, mdogo wangu," alisema. "Chagua la kukufikisha mbali."

Jördis Uhlig hajawahi kusema sentensi mbili mfululizo mbele ya watu watano. Shuleni alirudia darasa kwa sababu alikataa kusoma kwa sauti. Akatazama mapaja yake meupe. Akavuta pumzi, na safari hii suti ikamruhusu.

"Nataka la Saskia," alisema.

Falko alitoa sauti kama gurudumu linalopasuka. Saskia akaonyesha meno yote. Ortrun hakugeuka kutoka dirishani, ila mkono wake ulishika ukingo wa dirisha.

"Sijamaliza," alisema Jördis, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nataka bobu la Saskia. Mbele akae Ortrun."

"Binti," alisema Bi Ehrentraut, "hukuulizwa hivyo."

"Najua, mama. Lakini lile lina mwaka mmoja. Letu lina miaka kumi na moja, na limechomelewa mara nne. Muda umekuwa sawasawa." Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Mimi hesabu nilikuwa wa mwisho darasani. Hata mimi naona nani anaendesha vizuri zaidi."

Bi Ehrentraut aliweka kikombe chini. Alimtazama Jördis, akamtazama Ortrun, ambaye sasa alikuwa amegeuka na macho yake hayakuwa ya kutazamwa na watu.

"Bobu ni la chama," alisema mama yule, taratibu. "Nikitaka, naweza kulihamisha. Lakini sheria inataka dereva aliyekabidhiwa akubali kwa mdomo wake." Akageuza kichwa. "Saskia?"

Wote walijua jibu. Saskia Brandner hajawahi kumwazima mtu hata kiberiti. Alikuwa anatazama sakafu, na mshika breki wake mwenyewe alikuwa amepiga hatua moja kumkwepa.

Polepole akainua uso. Akatabasamu, tabasamu dogo, bila meno.

"Lichukueni," alisema. "Lichukueni leo hii. Sitaki kuliona tena."

Na mkono wake ulipoweka ufunguo wa stoo ya bobu mezani, Ortrun aliona ukirudi upesi kama uliogusa kaa la moto, kama wa mtu anayeliogopa bobu lile.